Bukavu Ilitazamwa Kutoka Wapi

Katika kadi nyingi za posta za Costermansville, jina ambalo Wabelgiji waliubandika mji wa Bukavu mwaka 1927, mpiga picha amesimama kilimani. Chini yake rasi ya La Botte inaingia ziwani, nyumba za walowezi zimejipanga kando ya barabara, na Kivu imetanda hadi upeo wa macho. Ni rahisi kuelewa kwa nini alipanda. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vinainuka palepale ufukweni. Kwa hatua chache tu mji wote unafunguka.

Lakini kimo hicho kina bei yake. Ukitazama kutoka juu, ardhi inaijaza picha na watu wanapungua. Anayetembea barabarani ni nukta. Kwa serikali iliyotaka kuwavutia walowezi na watalii, hilo halikuwa hasara: mji ulionekana kama shamba lililokwisha kupimwa, tayari kukaliwa. Watu wa mtaa wa Kadutu, waliochimba misingi na kufua nguo za nyumba zile, hawana sura katika picha hizo.

Je, tiba ni kushuka chini? Si lazima. Mpolandi Casimir Zagourski alifika Léopoldville mwaka 1924, akafungua studio, akasafiri sana Kongo na nchi jirani kutengeneza mfululizo wake wa kadi uitwao L'Afrique qui disparaît. Mara nyingi aliiweka lenzi chini ya kidevu cha mtu, uso ukasimama dhidi ya mbingu tupu. Ni picha nzuri mno. Lakini anga ile imefuta kijiji, jirani na kazi ya mtu, na maandishi yaliyo chini yake kwa kawaida yanataja kabila, si jina. Kutazamwa kutoka chini kulimkuza mtu na papo hapo kukamwondoa kwao.

Miaka 20 kabla yake, Mei 1904, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala huko Baringa, kaskazini-magharibi ya Kongo. Nsala ameketi ukingoni mwa baraza, akiutazama mkono na mguu wa binti yake, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Nyuma yake wanaonekana wanaume wengine. Kamera haikupanda kilimani wala haikumgeuza sanamu. Tunajua jina lake, tunawaona waliokuwa naye, na picha hiyo ilitumika Ulaya na Marekani katika kampeni dhidi ya utawala wa Mfalme Leopold II.

Vyombo navyo vilikuwa na amri yake. Brownie ya Kodak, iliyotoka mwaka 1900, ilishikwa tumboni. Rolleiflex ya mwaka 1929 ilimlazimu mpiga picha kuinamisha kichwa na kutazama kioo kilicho juu ya kamera. Mtu mzima aliyesimama akipigwa kutoka kimo hicho huonekana mrefu kidogo na mwenye heshima zake, na mtoto hukutana na lenzi karibu macho kwa macho. Leica, tangu 1925, iliinua kamera hadi usoni. Huko Moscow, mwaka 1928, mpiga picha Alexander Rodchenko aliandika kuzipinga picha za kitovuni, akataka wapigaji wapande mapaa na walale chini. Alikuwa na haki ya kuchoka. Hata hivyo, kwetu mapaa yalikwisha kutumika vya kutosha.

Bukavu ina sababu nyingine ya kuchagua kimo kwa makini: jua. Mji uko nyuzi mbili na nusu kusini ya ikweta, na saa sita mchana mwanga unashuka karibu wima, macho yanazama katika kivuli cha paji la uso. Mpige mtu kutoka chini saa hiyo, na utapata mashimo mawili meusi. Panda ngazi moja, mwombe ainue uso kidogo, na macho yanarudi.

Kwa wanawake walionusurika ubakaji wanaotibiwa Panzi, hospitali iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, pembe ni suala la usalama. Wapigaji wengi wanaojali huhamia nyuma ya bega, au hushuka hadi kwenye mikono, ili mtu asitambulike kijijini kwake. Hapo kuficha uso ndiko kumheshimu mtu.

Mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka, mpiga picha Finbarr O'Reilly, mshindi wa tuzo ya upigaji picha ya Carmignac, aliugeuza mradi wake kuhusu Kongo kuwa kazi ya pamoja na wapiga picha wa Kongo, Congo in Conversation. Miongoni mwao alikuwamo Raissa Karama Rwizibuka, mzaliwa wa Bukavu. Mpiga picha wa hapa naye anaweza kupanda kilimani. Tofauti ni kwamba akishuka Kadutu, watu wanamjua, na wanaweza kumuuliza kwa nini amewapiga hivyo.