Dk. Flower Msuya na Mwani Wetu

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kikavuka hadi Pemba, ambako leo huvunwa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Wakulima wengi ni wanawake.

Bahari ilipozidi kupata joto, mwani mnene, wenye bei nzuri kuliko mwembamba, ulianza kuugua na kufa kwenye maji mafupi ya pwani. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja, alilifanya tatizo hilo kuwa kazi yake. Pamoja na wakulima wenyewe alijaribu nyavu ndefu za mviringo: mbegu hupandwa ndani ya wavu, kwenye maji marefu yenye ubaridi, mawimbi yasiing'oe. Kufika huko kunataka chombo na kujua kuogelea, ujuzi ambao mabinti wengi wa pwani hawakufundishwa.

Mwaka 2006 alianzisha jumuiya inayowakutanisha wakulima, watafiti, wafanyabiashara na serikali. Akina mama wakajifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, badala ya kuuza mwani mkavu peke yake. Utafiti wa namna hii, unaorudi kwa mkulima, ndio tunaouenzi hapa kwetu Vitongoji, Pemba.