Mizani, Sanduku la Kura na Moto: Tunajifunza Nini kwa Historia ya Zanzibar?



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tumeona vema tuweke kando kidogo maelezo ya masomo ya Dominika, tushike kitabu cha historia. Sababu ni swali tuliloulizwa katika jumuiya zetu ndogo ndogo, nalo halikuulizwa mara moja. Tangu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilipozuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, vijana wanauliza hivi: “Padre, mtu aliyenyimwa haki yake akavamia ofisi ya serikali, ametenda dhambi?” Nao wazee wanauliza: “Taifa letu la amani limepatwa na nini?”

Maswali haya mawili yanatazamana. La kwanza linatazama jiwe lililorushwa, la pili linatazama amani iliyovunjika. Sisi tunadhani hayajibiki vizuri yakitenganishwa. Tena tunadhani wanaosema kwamba jambo hili ni geni katika nchi yetu wamesahau nusu ya historia yetu, ile ya ng'ambo ya bahari.

Tuanze na Maandiko. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 12, Israeli yote inakusanyika Shekemu ili kumtawaza Rehoboamu mwana wa Sulemani. Watu wana ombi moja tu, nira ipunguzwe uzito. Mfalme anaomba siku tatu. Wazee wanamshauri awajibu watu kwa upole, vijana waliokua pamoja naye wanamshauri awajibu kwa ukali. Anachagua ukali. Kisha anamtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za shokoa, na watu wanampiga Adoramu kwa mawe hata kufa. Mfalme anapanda gari lake na kukimbilia Yerusalemu. Tangu siku ile ufalme unagawanyika.

Tuangalie mpangilio wa mambo. Jiwe halikutangulia. Lilitanguliwa na ombi, likatanguliwa na siku tatu za kungoja, likatanguliwa na jibu la dharau. Hata hivyo aliyekufa hakuwa yule aliyetoa jibu. Aliyejibu alikuwa na gari, akakimbia. Aliyekufa ni aliyetumwa.

Sasa twende Zanzibar. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Julai 1957, visiwa vikiwa bado chini ya himaya ya Waingereza. Katika jimbo la Ng'ambo, Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin, kiongozi wa Zanzibar Nationalist Party ambayo wengi waliiita Hizbu. Siasa ikaanza kuingia hadi dukani na kisimani. Kufikia Januari 1961 vyama vilikuwa vitatu: Afro-Shirazi, Hizbu, na ZPPP iliyoongozwa na Mohammed Shamte. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kimoja cha viti vya Afro-Shirazi, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja tu. Wale watatu wa ZPPP nao wakagawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, hata ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa. Kikaongezwa kiti kimoja, na watu wakaitwa tena kupiga kura tarehe 1 Juni 1961.

Mara hii Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 10, na ZPPP 3. Muungano wa Hizbu na ZPPP ukaunda serikali, ingawa Afro-Shirazi walikuwa wamepata karibu nusu ya kura zote. Lakini damu haikungoja matokeo. Siku ile ile ya kupiga kura, kwenye vituo vya mjini, watu walishutumiana kwamba wapo wanaopiga kura mara mbili. Mikono ikanyanyuliwa, kisha marungu. Vurugu zikatoka mjini zikaenda mashamba, zikadumu siku kadhaa. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu waliokuwa wakiishi huko mashambani. Hali ya hatari ikatangazwa, askari wakaletwa kutoka nje ya visiwa, na baadaye tume ya uchunguzi ikaundwa chini ya Sir Stafford Foster-Sutton.

Hapa tusimame kidogo, maana jambo hili wazee wetu wa Usukuma wangelielewa upesi. Miaka ya mwanzoni mwa 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii walikuwa na lalamiko moja kubwa, nalo ni mizani. Mkulima alibeba pamba yake hadi mahali pa kuuzia, akaambiwa uzito, naye hakuwa na njia ya kujua kama ameambiwa kweli. Hapo ndipo Paul Bomani na wenzake walipopata kazi yao. Dawa waliyoiona ni kumweka mtu wa wakulima kando ya mizani, na kujenga vyama vyao wenyewe, vilivyofikia kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Mkulima asiyeiamini mizani hagombani kuhusu ratili mbili. Anagomba kwa sababu ameibiwa, au anaona kwamba ameibiwa, na kwake mambo hayo mawili hayana tofauti. Sanduku la kura ni mizani. Likishukiwa, hata uzito wa kweli hauaminiki tena.

Huo ndio ugonjwa ulioachwa bila tiba Zanzibar. Julai 1963 uchaguzi ulifanyika tena, safari hii kwa viti 31. Afro-Shirazi walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini wakapata viti 13 tu. Hizbu walipata viti 12 na ZPPP 6, wakaunda serikali. Kwa sheria ya majimbo, hakukuwa na kosa. Mwenye viti vingi ndiye mshindi, na hivyo ndivyo ilivyo katika nchi nyingi. Lakini zaidi ya nusu ya wapiga kura walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa ilhali wao ndio wengi. Tarehe 10 Desemba 1963 uhuru ukapatikana, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa nchi na Mohammed Shamte waziri mkuu. Askari polisi wengi wenye asili ya bara waliachishwa kazi. Mwanzoni mwa Januari 1964 chama cha Umma cha Abdulrahman Babu kilipigwa marufuku. Milango ya kusemea ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja tu na siku chache baada ya uhuru, watu wenye mapanga, marungu na silaha nyingine duni walivamia makao ya polisi Ziwani na ghala la silaha la Mtoni. Aliyejitokeza kuwaongoza ni John Okello, mtu aliyetoka Uganda. Kulipopambazuka silaha za serikali zilikuwa mikononi mwa waliovamia. Sultani akaondoka kwa meli yake, serikali ikaanguka. Kwa Wazanzibari wengi siku ile ni siku ya ukombozi, nayo huadhimishwa kila mwaka. Hatuandiki ili kuwakejeli, kwa maana dhuluma ya karne nyingi, pamoja na utumwa, haikuwa hadithi.

Lakini ukweli haukatwi nusu. Bunduki zilizochukuliwa Ziwani hazikubaki Ziwani. Katika siku zilizofuata zilikwenda vijijini na majumbani. Waliouawa ni wengi, na hesabu zao zinatofautiana mno baina ya wanahistoria. Walikuwemo wenye duka, wakulima, wanawake, watoto, watu ambao hawakuhesabu kura wala hawakuchora mipaka ya majimbo. Kama Adoramu, wengine walilipa deni lisilo lao. Okello mwenyewe hakudumu, maana ilipofika Machi 1964 alikuwa amekwisha kutolewa visiwani. Na wale waliolia kwamba kura yao haikuhesabiwa, Zanzibar haikuwapa tena uchaguzi wa vyama vingi hadi mwaka 1995. Miaka 31! Sanduku lililovunjwa kwa kuwa halikutenda haki lilichukua zaidi ya kizazi kimoja kutengenezwa.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya jibu letu kwa vijana. Anayevamia anaweza kuwa na lalamiko la kweli kabisa. Lakini umati hauna mizani. Haujui kumpambanua mwenye kosa na mpita njia, na silaha ikishatoka ghalani haiulizi.

Hata hivyo hatuwezi kuishia hapo, maana tungekuwa tunawahubiria wanyonge peke yao. Historia ina upande wa pili. Uchaguzi wa 1995 ulipotangazwa, Salmin Amour alipewa asilimia 50.2 na Seif Sharif Hamad asilimia 49.8. Uchaguzi wa Oktoba 2000 ulivurugika, ukafutwa katika majimbo 16 na kurudiwa. Chama cha CUF kiliyakataa matokeo. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 wafuasi wake waliandamana Unguja na Pemba, ingawa serikali ilikuwa imekataza, na vyombo vya dola vikafyatua risasi. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja watu 31 waliokufa. Shirika la Human Rights Watch lilitaja wasiopungua 35. Takriban watu 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa inatoa wakimbizi.

Rais wakati ule alikuwa Benjamin William Mkapa, Mkatoliki mwenzetu. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2019 hakuyaficha mauaji yale, bali aliyataja kuwa doa katika uongozi wake. Tunamheshimu kwa hilo. Oktoba 2001 CCM na CUF walitia saini muafaka. Na mwaka 2008, Kenya ilipoungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 wakapoteza maisha, wengine wakachomwa ndani ya kanisa huko Kiambaa karibu na Eldoret, Mkapa huyo huyo alikwenda Nairobi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel kuwaketisha mahasimu meza moja. Mapatano yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Aliyekwisha kuona doa alijua linavyoingia.

Zanzibar nayo iliendelea kutafuta njia. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana, na Julai 2010 wananchi wakakubali kwa kura ya maoni, kwa takriban theluthi mbili, serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa utulivu ambao wengi hawakuutazamia. Lakini mwaka 2015 uchaguzi ukafutwa tena, na mwaka 2020 damu ikamwagika tena. Maridhiano ni shamba. Ukipalilia mwaka mmoja ukaacha, magugu hayakusamehi kwa sababu ya palizi ya mwaka jana.

Ndipo tunafika Oktoba 2025. Ofisi za serikali na vituo vya polisi vilichomwa, watu wengi waliuawa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na idadi ya waliokufa ikawa jambo la ubishi. Novemba 2025 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Si kazi yetu katika ukurasa huu kuhukumu yaliyo mbele ya wenye mamlaka. Kazi yetu ni kukumbusha kwamba tulikwisha kuwa na Foster-Sutton, tukawa na Mbita. Tume huhesabu wafu. Kuponya ni kazi inayoanza baada ya kuhesabu. Na familia ambayo haijapata mwili wa kuzika haiwezi kuambiwa isahau.

Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa Aprili 1963, miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi ule wa Zanzibar, alifundisha kwamba amani husimama juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Ukiondoa mmoja, nyumba inaegemea upande. Kwetu mara nyingi tumeitaja amani kana kwamba ni ukimya. Nasi makleri tujihoji, kwa maana mara ngapi tumewaombea watawala hekima bila kuwaambia pale walipokosa?

Basi tuwajibu waliouliza. Kwenu vijana: kuchoma ofisi na kumdhuru mtu ni dhambi, hata kama lalamiko ni la haki; kudai haki kwa ukweli na bila silaha si dhambi, ni wajibu. Kwenu mliopewa kazi ya kusimamia uchaguzi, hata wa kijiji au kitongoji: ninyi ndio mnaoshika mizani ya watu, na anayechezea mizani ni chukizo mbele za Mungu. Kwenu mlio na silaha za dola: mzigo wenu ni mzito zaidi, kwa kuwa mmeapa kulinda. Kwenu wazee: historia ya 1961 na 2001 isimulieni nyumbani, watoto wasidhani amani hushuka kama mvua.

Turudi Shekemu. Baada ya Adoramu kuuawa, Rehoboamu alikusanya askari 180,000 ili akalipize kisasi. Ndipo Shemaya, mtu wa Mungu, alipowaambia wasiende kupigana na ndugu zao, kila mtu arudi nyumbani kwake. Nao wakarudi. Mfalme aliyekataa kusikia ombi la watu alisikia neno la Mungu, na vita ile haikupiganwa. Ufalme ulikuwa umekwisha kugawanyika, lakini makaburi yale hayakuchimbwa.

Tuombe Mungu atupe akina Shemaya wa kusema, na wakubwa wenye masikio. Mama Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee. Amina.