Mlango wa Elimu ya Juu

Ndugu wanachama, yafaa tukumbuke jinsi mlango wa elimu ya juu ulivyokuwa mwembamba. Katika miaka ya 1950 vijana wetu waliitegemea zaidi Makerere, na nafasi zilikuwa chache mno. Ndipo Tom Mboya alipotafuta msaada Marekani, na Septemba 1959 wanafunzi 81 wakapanda ndege kwenda New York. Huku nyumbani watu walifanya karamu za chai, wazazi wakauza ng'ombe, mtoto apate fedha za matumizi. Serikali ya kikoloni haikupendezwa. Ilisema vyuo vingi vya huko ni hafifu. Waliotaka kwenda Moscow kwa msaada wa Jaramogi Oginga Odinga walipata taabu zaidi: wengi hawakupewa pasipoti, wakapenya kupitia Sudan hadi Cairo.

Lakini tuseme kweli, haikuwa serikali peke yake. Waliochagua wasafiri wa Marekani, yaani Mboya, Dkt. Kiano na Kariuki Njiiri, walikuwa wanasiasa nao. Hatusemi walidhulumu, walifungulia mamia. Ila mzazi asiyejuana na mwanasiasa yeyote hakujua barua ya mwanawe aipeleke kwa nani.