Tovuti Imekufa, Nakala Ipo: Namna ya Kuufikia Ukurasa wa Asili

Tovuti za jumuiya zetu hufa kimya kimya. Kijana aliyeitengeneza kaajiriwa Nairobi au Dubai, ada ya domeni haikulipwa, seva ikafungwa. Kisha siku moja mtu anatafuta tanzia ya babu yake, au majina ya wanafunzi waliofadhiliwa, au barua ya wakazi kuhusu kiwanja chao, anakuta ukurasa mweupe. Au anakuta kitu kibaya zaidi: domeni imenunuliwa na watu wa kamari. Anaambiwa, "Hiyo imepotea." Mara nyingi haikupotea. Ipo, ila ipo kwa mwengine.

Jambo hili si la Pwani peke yake. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za intaneti zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Ikiwa wenye pesa na mafundi wamepoteza kiasi hicho, sisi tunaotegemea mchango wa wanachama tutarajie nini?

Wanaotuokoa ni roboti. Roboti ya mtandao ni programu inayofungua ukurasa, inaupakua kama seva ilivyoutoa, inaangalia viungo vilivyomo, kisha inavifuata kimoja kimoja na kufanya vile vile. Injini za kutafutia zina roboti zao, lakini hizo si hazina ya kutegemewa. Google, kwa mfano, ilikuwa ikiwaonyesha watu nakala yake ya akiba ya ukurasa, na mwaka 2024 ikaiondoa huduma hiyo. Anayehifadhi kwa nia ya kuhifadhi ni Internet Archive, shirika lisilo la faida la San Francisco lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Huduma yake ya Wayback Machine ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001, na haidai malipo.

Wengi wanajua kuitumia kwa juu juu. Unaingia web.archive.org, unaandika anwani ya tovuti iliyokufa, unaletewa kalenda. Siku zenye alama ndizo siku roboti ilipita. Unabonyeza, ukurasa unafunguka. Hapo watu hufurahi, hupiga picha ya skrini, wakaondoka. Mimi nasema hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu unachokitazama si kile hasa kilichohifadhiwa.

Ukurasa unapoonyeshwa na Wayback Machine huwa umetengenezwa upya kidogo. Juu kuna ukanda wao wa tarehe. Viungo vyote vimebadilishwa vielekee kwenye hifadhi badala ya tovuti ya zamani. Na lililo kubwa: maandishi yanaweza kuwa ya mwaka 2010, na picha iliyo pembeni ikawa imechukuliwa na roboti mwaka 2013, kwa kuwa mfumo huchukua picha ya tarehe iliyo karibu zaidi. Kwa msomaji wa kawaida hilo halina neno. Kwa anayetaka kuthibitisha kwamba mchoro fulani wa kiwanja ulikuwa hadharani mwaka fulani, linaweza kumwangusha.

Nakala ya asili iko chini ya hiyo, na njia ya kuifikia ni fupi mno. Tazama anwani ya juu ya kivinjari ukiwa umefungua ukurasa wa hifadhi. Itakuwa na sura kama hii:

web.archive.org/web/20110614093000/http://mfano.or.ke/tanzia.html

Zile tarakimu 14 ni mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Mara tu baada ya tarakimu ya mwisho, kabla ya mkwaju, ongeza herufi i na d na mstari wa chini, iwe hivi:

web.archive.org/web/20110614093000id_/http://mfano.or.ke/tanzia.html

Bonyeza. Ukanda umeondoka, viungo vimerudi kama mwandishi alivyoviandika, na unachopewa ni ukurasa kama roboti ilivyoukuta. Huenda ukaonekana umechakaa kwa kukosa rangi na picha. Usishtuke, ndio asili yake: kila picha ilikuwa faili lake mbali, nayo utaifuata kwa anwani yake kwa namna hiyo hiyo. Hifadhi ukurasa kwenye kompyuta kabla hujagusa chochote.

Tahadhari juu ya saa. Tarakimu hizo hufuata saa za Greenwich, na sisi tuko saa tatu mbele. Hapo juu 0930 maana yake hapa Mombasa ilikuwa saa sita na nusu mchana. Ukurasa uliochukuliwa kwetu saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 14 utaandikwa tarehe 13. Tena hiyo ni tarehe roboti ilipopita, si tarehe mwandishi alipochapisha. Inathibitisha kwamba siku ile maneno yalikuwepo. Haisemi yalianza lini.

Ikiwa hukumbuki anwani kamili ya ukurasa, weka alama ya nyota: web.archive.org/web/*/mfano.or.ke/* na utaletewa orodha ya kila anwani ambayo roboti iliichukua chini ya jina hilo. Hapa ndipo penye hazina. Utaona kurasa ambazo hata wenye tovuti walishazisahau, mafaili ya PDF ya mikutano, fomu, mashairi ya vijana wa zamani. Pitia orodha yote, na ukurasa wenye tarehe nyingi ufungue ya mwanzo na ya mwisho, maana mara nyingine ile ya mwisho ni ya hao hao watu wa kamari.

Zipo pia kurasa zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zamani kidogo, ambazo ukizifungua leo unaona alama zisizosomeka. Maandishi hayajaharibika. Yaliwekwa kwa mpangilio wa herufi wa Windows-1256, na fundi yeyote anayejua kazi yake atayageuza kuwa UTF-8 kwa dakika chache. Msikubali aandike upya kwa kukisia.

Wayback ikikosa, kuna mlango wa pili: Common Crawl, ambao tangu mwaka 2008 wanakusanya kurasa kwa mabilioni na kuziweka wazi kwa watafiti. Hapa inafaa kumtafuta kijana mwenye ujuzi wa programu. Nakala zao zimefungwa katika mafaili makubwa ya aina ya WARC, lakini huhitaji kulipakua faili zima na kumaliza bando. Fahirisi yao, index.commoncrawl.org, humwambia ukurasa wako umo faili gani, unaanzia baiti ya ngapi na una urefu gani. Anaomba kipande hicho tu, anakifungua, na ndani anakuta sehemu tatu: maelezo ya roboti yenye anwani na tarehe, majibu ya seva, kisha ukurasa wenyewe. Kwa kawaida picha hawakusanyi, na ukurasa mrefu kupita kiasi hukatwa mwisho. Lakini kwa maandishi matupu wameokoa mengi.

Tusidanganyane kuhusu yasiyopatikana. Roboti huona kile anachoona mgeni asiye na nenosiri. Hifadhidata iliyokuwa nyuma ya tovuti, barua pepe za wanachama na kurasa za kuingia kwa siri hazimo. Video mara nyingi hazimo. Sanduku la kutafutia ndani ya tovuti halitafanya kazi. Na mwenye tovuti anaweza kuomba nakala ziondolewe. Kwa miaka mingi hata mnunuzi mpya wa domeni aliweza, kwa faili dogo la robots.txt, kuzifunga nakala za mwenye jina wa kwanza. Mwaka 2017 Internet Archive walitangaza nia ya kuachana na desturi hiyo, na wamefanya vyema, maana ilikuwa kama kumpa mpangaji mpya ruhusa ya kuchoma barua za aliyehama.

Hata hifadhi yenyewe si ngome. Oktoba 2024 Internet Archive walivamiwa na wadukuzi, taarifa za akaunti zaidi ya milioni 30 zikaibwa na huduma ikazimwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ukishaipata nakala yenu, msiiache huko mkasema ipo. Tenzi kadhaa za Lamu zinasomeka leo kwa sababu Muhamadi Kijuma alikaa akazinakili kwa mkono wake, na baadhi ya nakala hizo ziko SOAS, London. Nani alijua zitahitajika?

Kuna swali la sheria pia. Anayetaka kuupeleka ukurasa mahakamani ajue kwamba Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka cheti cha kuthibitisha namna nakala ya kielektroniki ilivyotolewa. Picha ya skrini iliyotumwa kwa WhatsApp haitoshi. Andika anwani kamili yenye zile tarakimu 14, kompyuta iliyotumika na siku ulipopakua, kisha mpe wakili. Na anayetaka kuirudisha tovuti hewani akumbuke kuwa makala bado ni mali ya walioyaandika, na kwamba orodha yenye namba za simu na vitambulisho vya watu, hata kama zamani ilikuwa wazi, haifai kurudishwa hivyo hivyo baada ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Kwa tovuti ambazo bado ziko hai, ingieni web.archive.org/save, wekeni anwani ya kila ukurasa muhimu, na nakala itachukuliwa papo hapo. Vijana wawili wanaweza kuimaliza tovuti ndogo kwa jioni moja saiba. Kinachonitia hofu zaidi ni haya ya miaka ya karibuni: tanzia, matangazo ya harusi na mijadala ya ardhi yote yamehamia Facebook na makundi ya WhatsApp, ambako roboti hizi kwa sehemu kubwa haziingii. Huko hakuna wa kukuwekea. Mwenye ukurasa wa Facebook anaweza kuomba nakala ya kila kilichomo kupitia mipangilio ya akaunti yake, na msimamizi wa kundi la WhatsApp anaweza kuyatoa mazungumzo kama faili. Lifanyeni hilo wakati msimamizi bado yupo na namba yake ya simu bado inafanya kazi.