Jezi Tatu za Peter Šťastný: Kwani Msaliti ni Nani?

Fikiria huyu ni wewe. Ni Agosti 1980, una miaka 23, na nchi yako nzima inakujua kwa sababu ya mchezo. Uko Innsbruck, Austria, na klabu yako. Mke wako mko naye, mimba imekaribia kufika siku zake. Mashindano yameisha na wenzako wanarudi nyumbani. Una njia mbili tu: urudi nao, ama utoroke, na pengine usiione nyumba yenu tena maisha yako yote. Ukitoroka, hakuna kumuaga mama.

Huyo msee anaitwa Peter Šťastný. Kwa Kislovakia jina hilo linamaanisha mtu mwenye furaha, ama mwenye bahati. Alikuwa mshambuliaji wa hoki ya barafuni, ule mchezo wa kuteleza na viatu vya vyuma huku mnagombania kisahani cheusi cha mpira. Usiku ule alichagua kutoroka. Aliondoka na mkewe Darina na mdogo wake Anton, wakasaidiwa na wakubwa wa klabu ya Quebec Nordiques ya Canada waliokuwa wamesafiri mpaka Austria kuwachukua. Siku chache baadaye walikuwa Canada.

Naandika hii kwa sababu kila mara mwanariadha wetu akibadilisha uraia, mtandao unawaka. Msaliti! Amejiuza! Na mimi pia nimewahi kuandika hivyo, sitadanganya. Lakini tangu nisome maisha ya huyu jamaa, hilo neno sasa nalishika kwa uangalifu.

Kwanza elewa alikotoka. Peter alizaliwa Bratislava mwaka wa 1956, wakati Slovakia haikuwa nchi kivyake. Ilikuwa sehemu ya Chekoslovakia, chini ya chama cha kikomunisti. Agosti 1968, akiwa na miaka 11, vifaru vya Kisovieti viliingia nchini kuzima mageuzi yaliyokuwa yameanza. Miezi michache baadaye, Machi 1969, timu ya hoki ya Chekoslovakia iliifunga Sovieti mara mbili kwenye mashindano ya dunia kule Stockholm, na watu wakajaa barabarani kusherehekea. Bunduki hawakuwa nazo, lakini magongo walikuwa nayo. Kwa hivyo usidhani hoki kwao ilikuwa mchezo tu.

Peter alikua ndani ya hiyo hali. Alishinda ubingwa wa dunia na Chekoslovakia mwaka wa 1976 na tena 1977. Mwaka wa 1979 klabu yake, Slovan Bratislava, ikachukua ubingwa wa ligi ya taifa. Februari 1980 alikuwa Olimpiki kule Lake Placid, Marekani, akicheza na ndugu zake wawili, Marián na Anton. Damu moja, jezi moja.

Lakini jezi hiyo ilikuwa na bei yake. Serikali ndiyo ilikuwa inaamua nani asafiri, nani acheze nje na lini. Kuhama bila ruhusa ilikuwa kosa la jinai. Yaani kipaji ni chako, lakini ufunguo wa mlango anao mtu mwingine.

Sasa, kuna mtu ambaye hii hadithi ikisimuliwa huwa anarukwa. Kakao mkubwa, Marián, naye alikuwa Innsbruck. Lakini mke na watoto wake watatu walikuwa nyumbani. Angetoroka, angewaacha mikononi mwa serikali yenye hasira. Akarudi. Na kule nyumbani, kwa kosa la wadogo zake, hakuruhusiwa kucheza. Mchezaji wa timu ya taifa, msimu mzima bila kugusa barafu. Ni mwaka wa 1981 ndipo naye alifanikiwa kutoka na familia yake, na ndugu hao watatu wakaungana tena Quebec.

Ndiyo maana simfanyi Peter malaika. Uhuru wake ulikuwa na deni, na awamu ya kwanza ililipwa na kakake.

Uwanjani, lakini, huyu mtu alikuwa moto. Kwenye hoki, bao ni pointi moja, na pasi inayozaa bao pia ni pointi moja. Msimu wake wa kwanza kwenye ligi ya NHL alipata pointi 109: mabao 39 na pasi 70. Wakampa tuzo ya Calder, ile ya mchezaji bora mgeni. Februari 1981, Quebec ilienda Washington ikashinda 11-7, na katika mechi hiyo Peter alipata pointi nane. Anton naye? Nane! Wachezaji wengi hawapati nane kwa mwezi mzima.

Kwa misimu sita ya kwanza mfululizo, Peter hakuwahi kushuka chini ya pointi 100. Ukihesabu miaka yote ya themanini, ni mtu mmoja tu aliyemshinda kwa pointi kwenye ligi hiyo: Wayne Gretzky, ambaye wengi wanamwita bora wa wakati wote. Baadaye Peter alichezea New Jersey na St. Louis, akastaafu 1995 akiwa na pointi 1,239 kwa mechi 977. Mwaka wa 1998 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa hoki.

Mwaka wa 1984 alipata uraia wa Canada, na mwaka huo huo akavaa jezi ya Canada kwenye Kombe la Canada na kulishinda. Hiyo ni jezi ya pili. Kwa watawala wa Prague, huyo alikuwa msaliti kamili.

Kisha historia ikageuka. Novemba 1989 watu walijaa barabarani na utawala wa chama kimoja ukaanguka. Januari 1, 1993, Chekoslovakia ikagawanyika kwa amani kuwa nchi mbili. Slovakia sasa ilikuwa huru, lakini kwenye hoki ilianza maisha kwa dharau: Wacheki walirithi nafasi ya daraja la juu kwenye mashindano ya dunia, Waslovakia wakatupwa daraja la tatu. Eti muanze huko chini, mpande wenyewe.

Ni nani akaja kuwasaidia kupanda? Yule aliyetoroka. Februari 1994, kwenye Olimpiki ya Lillehammer, Norwe, Peter Šťastný, sasa ana miaka 37, aliingia uwanjani mbele ya wenzake wote akiwa amebeba bendera ya Slovakia. Jezi ya tatu. Waliongoza kundi lao bila kupoteza mechi, wakatolewa na Urusi kwenye robo fainali, 3-2, muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata alicheza mbele ya watu wa nyumbani, Bratislava, timu ilipopanda kuingia daraja la juu. Na mwaka wa 2002, yeye akiwa meneja mkuu, Slovakia iliifunga Urusi 4-3 kwenye fainali kule Göteborg, Uswidi, ikawa bingwa wa dunia. Bao la ushindi lilifungwa na Peter Bondra zikiwa zimebaki dakika chini ya mbili.

Najua utaniuliza kuhusu wetu. Mwaka wa 2003 Stephen Cherono aligeuka Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na mwaka huo huo akashinda dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji jijini Paris. Kakake Abraham alikuwa kwenye fainali hiyo hiyo na jezi ya Kenya. Hizi hadithi mbili hazifanani, nakubali. Hakuna vifaru vilivyomfukuza Cherono, na hakuna sheria ya Kenya iliyomfungia mlango.

Lakini Šťastný amenifundisha kuuliza maswali mawili kabla sijamtukana mtu. La kwanza: nchi ilimfanyia nini kabla hajaondoka? Ukimfungia mtu kama kuku, usishangae akiruka ua. La pili: mlango ulipofunguka, alirudi na nini? Kuna wanaorudi kupiga picha tu. Huyu alirudi kujenga timu ya nchi iliyokuwa imezaliwa juzi.

Na kuna la tatu, ambalo bado linanisumbua. Kila mtu akisoma hii hadithi anajiona Peter, gari linaondoka usiku, maisha mapya yanakuja. Niambie ukweli: ungekuwa Marián, na watoto watatu wanakungoja nyumbani, ungewaambia nini wadogo zako usiku ule?