Kadi ya Chama Mbele ya Jaji

Nchini Tanzania, mbunge akipoteza uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, anapoteza na kiti. Ndivyo inavyosema ibara ya 71 ya Katiba, na kwa kuwa hakuna mgombea binafsi, hana pengine pa kushika. Kwa sababu hiyo ugomvi wa kadi, ambao kwingine ungeishia kwenye vikao, tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 umekuwa ukiishia mahakamani.

Silaha kuu imekuwa zuio la muda la mahakama. Desemba 2011 chama cha NCCR-Mageuzi kilimvua uanachama mbunge wake David Kafulila, na Januari 2012 CUF ikamfukuza mbunge wake Hamad Rashid Mohamed. Wote wawili walikimbilia Mahakama Kuu, na wote wakamaliza muhula wao bungeni. Zitto Kabwe, mbunge wa Chadema, alifuata njia hiyohiyo Januari 2014, alipokizuia chama chake kujadili uanachama wake. Kesi ilitupwa Machi 10, 2015, na siku ileile chama kikatangaza kuwa si mwanachama tena. Zuio lilikuwa limemnunulia zaidi ya mwaka mzima.

Mgogoro wa CUF ulikuwa mzito zaidi. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015, kisha mwaka uliofuata akataka kurudi. Msajili wa Vyama vya Siasa alimtambua. Upande wa katibu mkuu, Maalim Seif Sharif Hamad, ukapinga mahakamani. Hukumu ya Machi 18, 2019 ilimpa Lipumba ushindi. Siku hiyohiyo Maalim Seif alihamia ACT-Wazalendo, na matawi ya Unguja na Pemba yakaanza kupakwa rangi ya zambarau ya chama hicho kipya. Lipumba alibaki na chama, wanachama wakaondoka.

Kwa kawaida majaji hukagua utaratibu, si siasa. Katika kesi ya Halima Mdee na wenzake 18, wabunge waliofukuzwa na Chadema, Desemba 2023 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi wa Baraza Kuu la Chadema kwa sababu wajumbe wa Kamati Kuu iliyowafukuza walishiriki tena kuamua rufaa yao.

Juni 10, 2025 zuio liligeuka. Chombo kilichokuwa kikimkinga mbunge dhidi ya chama chake sasa kilikifunga chama chenyewe: katika kesi ya madai ya mgawanyo wa rasilimali kati ya Bara na Zanzibar, Chadema iliamriwa kusitisha shughuli za kisiasa na kutotumia mali zake hadi shauri liishe.