Dk. James Kairo: Mtafiti aliyeupa bei mkoko uliosimama

KWA karne nyingi mkoko wa pwani ya Afrika Mashariki ulipimwa kwa unene wake. Kulikuwa na fito za kusuka kuta, pau za kuezekea na boriti za kubebea dari, kila kipimo na jina lake na bei yake, na shehena zikapelekwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, ambako mbao za kujengea ni haba. Mti uliosimama haukuwa na bei. Kuupatia bei huo ndio mchango mkubwa wa Dk. James Gitundu Kairo, mwanaikolojia wa Kenya ambaye kazi yake kubwa ameifanya katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI).

Kazi hiyo ilianzia Gazi, ghuba iliyopo Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Katika miaka ya 1970 mikoko ya huko ilikatwa kwa wingi ili kuwa kuni za viwandani, na sehemu za ufuko zikabaki tope tupu. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, lakini marufuku haioteshi mti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kairo alianza kupanda upya akishirikiana na wanakijiji.

Kupanda mikoko huonekana kazi nyepesi, na hapo ndipo wengi hukosea. Mlilana hustahimili ukingo unaopigwa na mawimbi. Mkoko wenye mizizi ya magongo hupenda tope linalofunikwa na maji mara kwa mara. Mkandaa na mchu huweza kukaa juu zaidi, ambako maji hufika kwa nadra. Mche ukiwekwa pasipo pake hufa, hata upandwe kwa sherehe kubwa kiasi gani. Kairo na wenzake walifuata mpangilio huo, kisha wakafanya jambo ambalo wapandaji wengi hawalifanyi: walirudi kupima, mwaka baada ya mwaka. Shamba la mikoko lenye umri wa miaka 12 lilionekana kuwa na takriban tani 107 za miti kwa hekta moja. Utafiti wake wa ikolojia na urejeshaji wa mikoko ya Kenya ulimpatia shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels (VUB), Ubelgiji, mwaka 2001.

Hata hivyo, hazina kubwa haimo katika shina bali katika tope. Majani na mizizi iliyokufa huzama mahali pasipo na hewa, haiozi upesi, na hewa ya ukaa iliyomo hufungiwa humo kwa karne nyingi. Wanasayansi wa Kenya na Uskoti walilithibitisha hilo hapo hapo Gazi kwa jaribio lililochapishwa mwaka 2014. Miti ya viwanja vichache iliuawa kwa kuchunwa gome, na katika miaka 2 ardhi yake ikashuka kwa takriban sentimita 3, huku ardhi ya msitu ulioachwa hai ikipanda kidogo.

Vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyouwezesha mradi wa Mikoko Pamoja kupata ithibati mwaka 2013, chini ya utaratibu wa Plan Vivo, ukiungwa mkono na KMFRI pamoja na Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier. Unatajwa kuwa mradi wa kwanza duniani ambao jamii yenyewe iliuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117, na kiwango kilichokubaliwa ni tani 3,000 kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kiasi cha dola 12,000 za Marekani kwa mwaka, na yalitumika kwa maji na mahitaji ya shule. Mivinje nayo ilipandwa nchi kavu, maana mtu aliyekatazwa boriti bado anahitaji kujenga nyumba. Mwaka 2019 mradi wa pili ulizinduliwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, katika hekta 460.

Nje ya vijiji hivyo, Kairo alikuwa miongoni mwa waandishi wa sura ya maeneo oevu ya pwani katika mwongozo wa jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa (IPCC) wa mwaka 2013, ambao unazielekeza nchi namna ya kuhesabu hewa ya ukaa ya ardhi oevu.

Lakini miradi hiyo miwili haifikii asilimia 1 ya mikoko ya Kenya, ambayo mpango wa taifa wa mwaka 2017 hadi 2027 unaikadiria kuwa zaidi ya hekta 61,000. Wala malipo ya hewa hayazuii kila janga: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika hori la Mwache, karibu na Mombasa, likaifunika mizizi na kuua mikoko mingi bila shoka kuguswa.

Sehemu kubwa ya msitu huo, zaidi ya asilimia 60, ipo Lamu. Huko serikali iliposimamisha ukataji mwaka 2018, wakataji walikosa riziki na kulalamika, hadi marufuku hiyo ikalegezwa mwaka 2019. Kwao, boriti hulipwa siku inapofika gatini. Malipo ya hewa ya ukaa husubiri vipimo, ukaguzi na mnunuzi wa ng'ambo.